Akishajua Kusoma, Atasoma Nini?

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni, walimu wenzangu wa elimu ya watu wazima, na ninyi wanakisomo mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza sisi tunaopenda kuwasemea, nawasalimu nyote.

Kila tarehe 8 Septemba tunakutana namna hii. Mabango yapo, fulana zipo, na kuna mtu mzima mmoja anayeitwa mbele asome aya mbili tatu mbele ya mgeni rasmi, kisha tunapiga makofi. UNESCO iliitangaza siku hii mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya mawaziri wa elimu kukutana Tehran kuzungumzia namna ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, na dunia ikaiadhimisha kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Sina ugomvi na makofi. Nimeombwa niseme juu ya kuhimiza kisomo na elimu isiyo na mwisho duniani, na dakika nilizopewa nataka nizitumie kwa swali moja ambalo katika sherehe hizi halipati mwenyewe: yule mtu mzima tuliyempigia makofi, akishashuka jukwaani, kesho atasoma nini?

Naomba kwanza tuangalie hesabu, kwa sababu hesabu zetu zinadanganya bila kusema uongo. Katikati ya karne iliyopita, UNESCO ilipojaribu kuuhesabu ulimwengu mzima, ilikisia kwamba watu wazima wapatao milioni 700 hawakujua kusoma wala kuandika. Hao walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima wote. Makisio ya shirika hilohilo kwa mwaka 2024 ni milioni 739, ambao leo ni kama mtu mzima mmoja kati ya wanane. Anayependa asilimia atashangilia, na ana haki. Anayehesabu vichwa ataona kwamba ukumbi wa wasiojua kusoma haujapungua hata kiti kimoja katika miaka sabini. Na karibu theluthi mbili ya waliomo ni wanawake, uwiano ambao haujasogea sana tangu mimi sijaingia kazi hii.

Sasa asilimia ilishuka vipi? Sehemu kubwa ilishuka kwa sababu watoto walipelekwa shule, wakakua, wakaingia kwenye hesabu ya watu wazima wakiwa tayari wanajua kusoma, na wazee wao ambao hawakujua wakatoka kwenye hesabu. Mnajua wametokaje. Niseme bila adabu: kwa sehemu kubwa tumekuwa tukipunguza idadi ya wasiojua kusoma kwa kusubiri wafe. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano asiyejua kusoma leo ana miaka mingine arobaini ya kuishi, kupiga kura, kunyweshwa dawa asizoweza kusoma maelekezo yake, na kuweka dole gumba kwenye mikataba. Mkakati wa kumsubiri ni mkakati mrefu sana, na yeye ndiye anayeulipia.

Ukitaka kujua kama nasingizia, soma maneno ya malengo tuliyojiwekea. Mwaka 2000, mjini Dakar, mataifa yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2015 kiwango cha watu wazima wanaojua kusoma kingeboreshwa kwa asilimia 50. Mwaka 2015 ukafika, ahadi haikutimia. Tukaandika malengo mapya, yale ya Maendeleo Endelevu, na katika lengo la nne, kipengele cha sita, tukasema kwamba ifikapo 2030 vijana wote watajua kusoma, kuandika na kuhesabu, pamoja na sehemu kubwa ya watu wazima. Vijana wote, watu wazima, sehemu kubwa. Hakuna aliyesimama kuuliza kubwa kiasi gani. Aliyeandika sentensi ile alikuwa mwaminifu kuliko wengi wetu, kwa sababu aliandika kile ambacho bajeti zetu zimekuwa zikisema siku zote. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 kuhusu elimu ya watu wazima ilionyesha kwamba ni kama nchi moja tu kati ya tano zilizotoa taarifa ndiyo iliyotenga zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya elimu kwa kazi hii. Nchi nyingine moja kati ya tano ilitenga chini ya nusu ya asilimia moja. Na zilikuwepo zilizojaza sifuri.

Kuna methali inayotumika kila tunapoomba fedha: samaki mkunje angali mbichi. Yaani mtu mzima amekwishakauka, tusipoteze mkaa. Nawaomba wote wenye kuitumia wapitie utafiti uliochapishwa mwaka 2010 na kundi la Stanislas Dehaene, mtafiti wa ubongo wa Ufaransa, uliofanyika kwa watu wa Brazili na Ureno. Walilinganisha bongo za watu wasiojua kusoma, za waliojifunza utotoni, na za waliojifunza wakiwa watu wazima. Wale wa kundi la tatu walikuwa na mabadiliko mengi yaleyale yaliyoonekana kwa waliosoma utotoni: sehemu ya ubongo inayotambua maumbo ilikuwa imejifunza herufi, na hata namna ya kusikia maneno ilikuwa imebadilika. Mwaka 2017 utafiti mwingine uliwapima wanakijiji wa India ya kaskazini, wengi wao wanawake wa umri wa miaka thelathini hivi, kabla na baada ya kufundishwa kusoma kwa muda wa miezi sita. Mabadiliko yalionekana hadi katika sehemu za ndani kabisa za ubongo. Samaki anakunjika. Mjadala huo kwangu umekwisha.

Mjadala ambao haujaisha ni wa kasi. Mwalimu yeyote wa darasa la watu wazima anaijua hali hii. Mwanakisomo anazijua herufi zote, silabi anaziunganisha, na anapofika mwisho wa sentensi amekwishasahau ilivyoanza. Hajashindwa kusoma. Anasoma polepole mno kiasi kwamba maana inamponyoka kabla hajaifikia. Mtoto wa shule anavuka hatua hii bila kuiona, kwa sababu kila siku kwa miaka sita au saba analazimishwa kusoma, ubaoni, kwenye madaftari, kwenye mitihani. Mtu mzima tunampa saa mbili mara tatu kwa wiki, zikipunguzwa na mvua, ugonjwa wa mtoto, msiba na msimu wa kuvuna, kisha baada ya miezi tisa tunampa cheti. Anachokwenda nacho nyumbani ni njia ambayo ndiyo kwanza imefyekwa, na njia isiyopitwa huota majani.

Hapo ndipo kampeni zetu kubwa zilipoangukia. Nitatoa mifano, na sitoi ili kudharau. Naitoa kwa sababu waliothubutu ndio pekee tunaoweza kujifunza kwao.

Mwalimu Nyerere wa Tanzania alilisema jambo hili mapema, mwaka 1964, akiwasilisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano: tuanze na watu wazima, kwa sababu watoto wetu hawataleta mabadiliko katika uchumi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini ijayo. Akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nchi ile ilikuwa na karibu watu wazima saba kati ya kumi wasiojua kusoma mwaka 1967. Madarasa yakafunguliwa chini ya miti, viwandani, kwenye nyumba za ibada. Walifundisha walimu, walifundisha wanafunzi wa shule za msingi, alifundisha yeyote aliyejua. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilihusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kulikuwa na maktaba za vijijini. Kulikuwa na gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 10 hivi.

Sensa ya mwaka 2002 ikakuta zaidi ya robo ya watu wazima hawajui kusoma.

Wataalamu watasema vipimo havikuwa sawa, na ni kweli. Watasema pia kwamba miongoni mwa waliohesabiwa mwaka 2002 walikuwamo vijana ambao hawakuiona shule miaka ya themanini na tisini, wakati uchumi ulipoyumba na ada zikarudi. Hiyo nayo ni kweli. Lakini walikuwamo pia waliokuwa wamejua, wakasahau. Karatasi iliadimika, magazeti ya vijijini yakasita, vitabu vya maktaba vikachakaa bila kupata vipya, na posho ya mwalimu wa kujitolea, ambayo tangu mwanzo haikuwa na uzito, ikaacha kufika. Hakuna waziri aliyesimama kutangaza kwamba elimu ya watu wazima imefutwa. Ilikosa kitu cha kusoma, basi.

Linganisheni na Kuba. Mwaka 1961 walifunga shule za sekondari na kupeleka vijana wapatao laki moja mashambani, kila mmoja na taa yake na kitabu chake, na kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya laki saba walihesabiwa kuwa wamejua kusoma. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaisimulia. Inayosimuliwa kwa nadra ni ya mwaka uliofuata, ambapo waliandaa masomo ya kuendeleza, wakafuatisha na kampeni ya kuwafikisha wafanyakazi na wakulima darasa la sita, na baadaye la tisa. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa za nchi ile, nami ninayo yangu, lakini katika hili walielewa kwamba taa na kitabu cha kwanza ni mwanzo wa gharama. Nikaragua ilifanya jambo linalofanana mwaka 1980, kwa miezi mitano, na kwa muda mfupi ikashangaza dunia. Kisha vita vikawafuata walimu na wanafunzi hukohuko vijijini, masomo ya kuendeleza yakakatika, na idadi ya wasiojua ikapanda tena kabla muongo haujaisha.

Wanasiasa wanapenda kampeni kwa sababu ina tarehe ya kumalizika, na sisi wenyewe tumewasaidia kuipenda. Chukueni kisa cha Paulo Freire, mwalimu wa watu wazima wa Brazili, pale Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazili, mwaka 1963, alipowafundisha kusoma vibarua wapatao 300 kwa saa 40. Zile saa 40 zimetutesa. Tangu siku hiyo kila mwenye mradi anaahidi saa chache zaidi. Watu wameikumbuka saa na kusahau kilichofanyika ndani yake: kwamba masomo yalianza na maneno ambayo wale vibarua waliyatumia kila siku kazini na nyumbani, na kwamba walizungumza kwa muda mrefu juu ya maisha yao kabla ya kuligawa neno katika silabi. Mwaka uliofuata jeshi lilipochukua madaraka Freire alifungwa, kisha akaishi uhamishoni. Watawala wale hawakuogopa silabi.

Hili linanileta kwenye kisa ambacho ningependa kila mwandaaji wa vitabu vya kisomo akijue. India ilianzisha mpango wake wa taifa wa kisomo mwaka 1988. Wilaya ya Ernakulam, jimboni Kerala, ikatangazwa mwaka 1990 kuwa ya kwanza nchini humo ambamo karibu kila mtu anajua kusoma, na wilaya nyingine zikaiga. Mojawapo ilikuwa Nellore, jimbo la Andhra Pradesh. Wanawake ndio waliojaa madarasani, usiku, baada ya kazi za mchana kutwa. Katika kitabu chao kulikuwa na kisa cha kijiji ambacho wanawake walisimama dhidi ya pombe kali iliyokuwa ikiuzwa kwa leseni ya serikali na kumaliza mishahara ya waume zao. Wanawake wa kijiji kiitwacho Dubagunta walikisoma, wakakijadili, na wakauliza swali ambalo huenda mwandishi wa kitabu hakulitarajia: na sisi je? Wakaenda kuifunga biashara ile kijijini kwao. Habari zikachapishwa, na madarasa ya vijiji vingine yakazisoma. Mwaka 1992 wanawake wa wilaya nzima walikuwa wakikusanyika kuzuia minada ya leseni za pombe, na minada ikaahirishwa mara kwa mara. Oktoba 1993 serikali ya jimbo ikapiga marufuku pombe ile. Mwaka 1995 ikaongeza marufuku kwa vileo vingine, ambayo haikudumu, maana hazina iliyazoea mapato.

Tazameni kilichowafanya wale wanawake waendelee kusoma. Hakikuwa cheti. Walikuwa wakisubiri gazeti la kesho lenye habari zao wenyewe. Ukimpa mtu mzima kitu ambacho maisha yake yamo ndani, huhitaji kumhimiza ahudhurie. Kadhalika nchini Senegali, katika kijiji cha Malicounda Bambara, wanawake walikuwa katika masomo ya shirika la Tostan, yanayofundishwa kwa lugha zao, ambamo afya na haki za binadamu huzungumzwa pamoja na kusoma na kuhesabu. Tarehe 31 Julai 1997 walitangaza hadharani kwamba kijiji chao kinaacha ukeketaji. Vijiji vingine vikafuata. Hakuna aliyewaamuru.

Nimesema kwa lugha zao, na hapo naomba nisimame kidogo. Wataalamu wa UNESCO walikwishaandika mwaka 1953 kwamba mtu aanze kusoma kwa lugha anayoizungumza. Leo bado kuna madarasa ambamo mtu mzima anafundishwa herufi na lugha ngeni kwa wakati mmoja, na asipoendelea tunaandika kwenye ripoti kuwa hana ari. Yuko darasani akitamka vizuri maneno asiyoyajua. Nimewahi kusikia hoja kwamba lugha ndogo hazina vitabu, kwa hiyo haina maana kumfundisha mtu kusoma lugha isiyo na cha kusoma. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaangukia kwetu sisi. Kama lugha haina vitabu, kazi ya kwanza ni kuviandika, na waandishi wa kwanza wanaweza kuwa wanakisomo wenyewe. Visa vyao, historia za koo zao, mapishi, dawa, mashauri waliyoshinda na waliyoshindwa: hayo yakiandikwa na kurudufiwa kwa mashine ya kawaida, tayari ni maktaba. Haina jalada zuri. Inasomeka.

Kuna kosa jingine ambalo limeandikwa vizuri katika historia, nami nalipitia haraka. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 UNESCO, pamoja na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, liliendesha mradi wa majaribio katika nchi kumi na moja, Tanzania ikiwa mojawapo, kwa wazo kwamba kisomo kifungwe kwenye uzalishaji: mkulima asome ili avune zaidi. Tathmini ilipotoka mwaka 1976 haikuwa ya kufurahisha. Wazo lilikuwa na akili yake, lakini watu wazima hawaji darasani kwa ajili ya pato la taifa. Waulize. Mmoja anataka kusoma kitabu chake cha dini bila kusomewa. Mwingine amechoka kumpa jirani barua ya mwanawe aisome kwa sauti. Mwingine anataka kukaa na watoto wake wakati wa kazi za shule bila kujifanya ana shughuli jikoni. Na siku hizi wako wengi wanaotaka kitu kimoja tu, kuendesha simu yao. Asiyesoma hulazimika kumpa mtu mwingine namba yake ya siri ili amtolee fedha au amsomee ujumbe wa salio. Anaibiwa, na hawezi kuthibitisha. Mwaka huu mimi ningeandika kitabu cha kwanza cha kisomo juu ya ujumbe wa simu, kabla ya pamba.

Waheshimiwa, tusidhani haya ni mambo ya nchi maskini peke yake. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, liliwapima watu wazima katika nchi na maeneo 31, na matokeo yalitoka Desemba 2024. Finlandi na Japani ziliongoza. Lakini kwa wastani wa nchi tajiri zilizopimwa, kama mtu mzima mmoja kati ya wanne alibaki katika ngazi za chini kabisa za kusoma. Anaweza matini mafupi na mepesi, na karatasi ndefu ya bima au ya mahakama inamshinda. Wengi wao walikaa shule kwa miaka tisa, kumi. Na huko wanajificha kuliko sisi, kwa sababu huko aibu ni kubwa zaidi. Mtu atasema amesahau miwani. Atasema atajaza fomu nyumbani. Atakataa kupandishwa cheo kwa kuwa cheo kipya kina ripoti za kuandika, na mkubwa wake atafikiri hana tamaa ya maendeleo.

Nchi hizo zimebuni njia nzuri za kuendeleza watu wazima. Singapore mwaka 2016 ilianza kumpa kila raia aliyefikisha umri wa miaka 25 akiba ya dola 500 za nchi hiyo ya kulipia masomo. Ufaransa ina akaunti ya mafunzo kwa kila mfanyakazi. Toulouse ilianzisha mwaka 1973 chuo kikuu cha watu waliostaafu, na wazo hilo limezunguka dunia. Nchini China vyuo vya wazee vipo kila pembe. Navipenda vyote. Ila tafiti zilezile za OECD zinaonyesha jambo moja katika karibu kila nchi: anayejiandikisha kwenye masomo ya watu wazima mara nyingi ni yule ambaye tayari amesoma sana. Mwenye shahada anaongeza cheti, mwenye cheti anaongeza kozi, na asiyejua kujaza fomu ya kujiandikishia habari hazimfikii. Mwenye nacho huongezewa. Elimu isiyo na mwisho inaweza kuwa njia ya kuwarefushia elimu wale wasiopungukiwa nayo, na tusipoangalia ndivyo itakavyokuwa kila mahali, hasa sasa masomo yanapohamia kwenye intaneti.

Kuna chombo kimoja ambacho kingesaidia na kimesahaulika kwenye rafu. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 140, unaohusu likizo ya masomo yenye malipo. Nusu karne imepita, na nchi zilizouridhia hazifiki hamsini. Hata zile zilizouridhia, nendeni kiwandani mkaulize mfagizi kama amewahi kuambiwa kwamba anaweza kuomba saa za kwenda kusoma huku mshahara wake ukiendelea. Muda ndio ada kubwa kuliko zote kwa mtu mzima. Mwanamke aliyefanya kazi mchana, akapika, akalaza watoto, anapofika darasani saa mbili usiku, mwalimu anafundisha mabaki ya mtu. Darasa lenye mtu wa kuangalia watoto linajaa kuliko darasa lenye kompyuta, na bado kwenye maandiko ya miradi kompyuta hupita na mlezi wa watoto hukatwa.

Walimu wenzangu, nasi tuna letu. Tumekubali kwa muda mrefu mno kuitwa watu wa kujitolea. Mwalimu wa mtoto wa miaka saba analipwa mshahara na kupewa mafunzo ya miaka miwili au mitatu. Mwalimu wa mama yake mtoto huyo anapewa semina ya wiki mbili na ahadi ya posho. Kisha tunashangaa kwamba walimu wa watu wazima hawadumu. Lakini pia tumezoea kuhesabu vyeti, maana ndivyo wafadhili wanavyotaka, na sijaona ripoti nyingi za kwetu zinazosema tulirudi miaka miwili baada ya darasa kufungwa tukakuta wangapi bado wanasoma. Tukianza kuhesabu hivyo, takwimu zetu zitaporomoka mwaka wa kwanza. Naona afadhali ziporomoke.

Mwezi Juni 2022 serikali za dunia zilikutana Marrakech katika mkutano wa saba wa kimataifa wa elimu ya watu wazima, mfululizo ulioanzia Elsinore, Denmark, mwaka 1949. Ziliahidi tena kuongeza fedha. Mikutano hii huja kila baada ya miaka kumi na mbili hivi, kwa hiyo kabla ya mwingine kuna bajeti nyingi za kupita. Waheshimiwa mnaoketi kwenye vikao vya bajeti, ombi langu kwenu ni dogo kuliko mnavyohofia. Msianze na kampeni mpya. Tafuteni kifungu cha elimu ya watu wazima, kisha ndani yake tafuteni mstari wa vitabu na magazeti ya waliokwishamaliza kisomo, na mstari wa mshahara wa mwalimu atakayebaki nao mwaka wa pili na wa tatu. Katika nchi nyingi hamtaiona mistari hiyo, kwa sababu haijawahi kuandikwa. Iandikeni, hata kama kwa kuanzia itakuwa na fedha kidogo. Mstari uliopo unaweza kugombewa kila mwaka, usiokuwepo hauna wa kuutetea. Na wenzetu wa magazeti na redio, ukurasa mmoja kwa wiki, wenye herufi kubwa na sentensi fupi, wenye habari za kweli za watu wazima na zisizoandikwa kama za watoto, haungewafilisi.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Maswali juu ya ufundishaji nitayajibu mimi na walimu wenzangu. Yale ya fedha naomba yaelekezwe safu ya mbele, wenye majibu yake wapo na bado hawajaondoka. Asanteni sana.